Nyama Iliyokunjwa Kushoto

Kwa mliochelewa kujiunga: mimi ni yule mwanamke wa kiwanda cha kufungasha nyama, mwenye mume asiyesema na mdomo usiofungika. Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimesimama mbele ya meza ya kufungashia, pande la nyama ya mgongo mkononi, natetemeka. Haikuwa baridi. Ilikuwa hasira, na bado ninayo, kwa hiyo msitegemee leo nitasimulia kwa adabu.

Ujumbe wenu nimeupata. "Dada, hasira hasara." "Dada, ndoa ni uvumilivu." Asanteni. Uvumilivu nilikuwa nao, nikautumia wote kwa mume wangu, haukubaki hata wa kuwajibu ninyi.

Turudi nyuma kidogo ili twende pamoja.

Baba alianza na bucha la dirisha moja na gogo la kukatia. Watu wakamwita Mzee Makali, na si kwa sababu ya visu peke yake. Mume wangu alikuwa mchukuzi, akibeba nusu ng'ombe begani kutoka machinjioni hadi kwetu, shati limekauka damu hadi linasimama lenyewe. Wenzangu walichumbiwa kwa maua. Mimi nilichumbiwa kwenye mizani, yeye akisoma uzito na mimi nikimwambia anasoma vibaya.

Baba alimpenda kabla sijampenda mimi. "Huyu ukimtukana ananyamaza," alisema. "Kwa mdomo huo ulio nao, hutapata mwingine."

Tukaoana. Tukajenga chumba cha baridi, tukanunua msumeno wa umeme wa mkono wa pili, kisha mashine ya kunyonya hewa kwenye mifuko. Nyama ya baba iliyokuwa ikifungwa kwenye gazeti ikaanza kwenda hotelini na hospitalini ndani ya katoni. Kila tofali la kiwanda kile nimelilipia kwa mgongo wangu. Mikono yangu haijawahi kupona baridi.

Na mimi ni mtoto pekee wa baba. Nimekua nikiambiwa hivyo na kila mtu, kuanzia mama hadi muuza chumvi.

Sasa, kuna ufundi ambao baba alinipa mimi tu. Pande la nyama ya mgongo lina utando wa mafuta upande mmoja. Wakataji wengine huuparua na kuutupa. Baba huacha ulimi kidogo wa mafuta uning'inie, kisha anaukunja juu ya pale kisu kilipopita, kama kola ya shati. Nyama iliyokunjwa hivyo haivuji damu ndani ya mfuko. Mpishi akiifungua anaikuta kavu, nyekundu, imetulia. Kuna hoteli ambazo hazichukui nyama yetu zikikosa ule mkunjo.

"Usimfundishe mtu," baba aliniambia siku ile aliyonionyesha. "Hata mumeo. Hasa mumeo."

Nikatii. Miaka yote nimekunja nikiwa kwenye meza ya mwisho, mgongo nimewapa wenzangu. Baba alipoacha kazi kwa sababu ya magoti, nikabaki peke yangu duniani ninayeukunja. Ndivyo nilivyodhani.

Kisha mume wangu akaajiri mkataji mpya bila kuniuliza. Mwanamke, mkubwa kwangu, mrefu, mikono kama ya mwanamume. Haongei. Wafanyakazi wakamwita Kimya. Na ndipo nikafungua katoni iliyotoka mezani kwake, nikakuta nyama ya mgongo imevaa kola.

Hesabu yangu haikuwa ngumu. Mimi sikumfundisha. Baba hajakanyaga kiwandani tangu magoti yamgomee. Mtu mwingine aliyewahi kusimama nyuma yangu nikikunja ni mmoja tu, na huyo tunalala kitanda kimoja. Kikulacho ki nguoni mwako.

Na kumbukeni jambo moja: baba alikuwa ametuita Jumapili ya wiki hiyo hiyo, atamke kiwanda anamwachia nani. Mnaona mambo yalivyokaa? Niliona mume wangu amempa mwanamke wake meza, amempa kisu, amempa mkunjo wa baba yangu. Kilichobaki ni ufunguo wa lango.

Hapo ndipo tulipoishia. Haya.

Nilitoka na ile nyama mkononi hadi mlango wa kupakilia. Mume wangu alikuwa anapima katoni.

"Baba Watoto, njoo."

"Napakia."

"Acha. Hiyo nyama imeshakufa, haitakimbia."

Akaja akipangusa mikono kwenye aproni, taratibu, kama mtu mwenye siku nzuri. Nikaisukuma nyama chini ya pua yake.

"Hii nini?"

"Nyama ya mgongo."

"Mimi ni mtoto wa bucha, unanifundisha majina ya nyama? Nani amemwonyesha yule mwanamke mkunjo?"

Akaitazama. Akanitazama. Akafanya kile anachokijua kuliko kazi zote duniani: akanyamaza.

"Unanichungulia nikifanya kazi, halafu unakwenda kumpa hawara yako!"

"Mama Watoto, watu wanasikia."

"Wasikie! Redio, umesikia?"

Redio ni msimamizi wetu wa upakiaji. Tumempa jina hilo kwa sababu jambo likiingia sikioni mwake mchana, jioni liko sokoni. Alikuwa ameinama nyuma ya katoni, anajifanya anatafuta gundi.

"Mimi sijasikia kitu, bosi," akasema. "Kuanzia pale kwenye hawara sijasikia kabisa."

"Si hawara yangu," mume wangu akasema.

"Basi ni nani wako?"

"Subiri Jumapili."

Wapenzi wasomaji, mwanamke anamuuliza mumewe habari ya mwanamke mwingine, naye anajibu subiri Jumapili. Nilimtupia ile nyama. Akaidaka, akaiweka kwenye mizani bila kufikiri, maana ndiyo mazoea yake. Nikazidi kuwaka.

Nikaingia chumba cha kukatia. Nilipasua yale mapazia ya plastiki ya mlangoni kwa mikono miwili. Kimya alikuwa mezani kwake, amemaliza kutoa mfupa kwenye paja, ananoa kisu. Wengine wote waliacha visu vikae.

"Wewe."

Akainua macho.

"Kunja."

Nikamtupia pande jipya mezani. Hakuuliza kukunja nini. Aliligeuza, akaparua utando hadi ukabaki ulimi wa mafuta, kisha akaushika kwa vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto, kidole kidogo na jirani yake, akauvuta kutoka kushoto na kuulaza juu ya nyama. Kazi safi. Hata mashine isingeulaza vile.

Mimi nikacheka. Nilicheka kwa sauti, kwa sababu nilikuwa nimemkamata.

"Umekosea! Aliyekufundisha hakuona vizuri. Mkunjo unatoka kulia. Nimekunja maisha yangu yote kutoka kulia. Baba anakunja kutoka kulia."

Akaweka kisu chini. Nilikuwa sijawahi kusikia sauti yake zaidi ya "ndiyo" na "bado". Ilikuwa nzito, haina haraka.

"Wewe alikufundisha akiwa na vidole vitatu," akasema. "Mimi alinifundisha akiwa navyo vyote."

Ngojeni niwaeleze, maana ninyi hamumjui baba.

Mkono wa kushoto wa baba hauna kidole kidogo wala cha jirani yake. Viliondoka na msumeno wa zamani wa buchani, mimi sijaanza hata shule. Sikumbuki ule mkono ukiwa mzima. Baba alipotaka kushika ule ulimi wa mafuta hakuwa na cha kushikia, ndiyo maana akahamia mkono wa kulia. Mimi nimejifunza kukunja kwa mtu aliyekatika vidole, nikadhani huo ndio mkunjo wenyewe.

Kwa hiyo mwanamke huyu alisimama mbele ya baba yangu kabla ya msumeno. Kabla yangu.

"Wewe nani?" nikamuuliza.

"Muulize yeye. Na mimi nimeitwa Jumapili."

Akachukua kisu, akarudi kwenye paja lake. Mimi nikabaki nimesimama katikati ya chumba changu, kwenye kiwanda changu, na watu wangu wakinitazama kama mgeni aliyepotea mlango.

Niwaambie ukweli. Nilitamani angekuwa hawara. Hawara unamfukuza kwa ufagio na majirani wanakushangilia. Dada unamfukuza kwa kitu gani?

Nilimkuta mume wangu kwenye kijumba chetu cha ofisi, anakunywa chai iliyopoa.

"Ni mtoto wa baba."

"Ndiyo."

"Ulijua."

"Mzee alinituma nimtafute. Nimemkuta kwenye bucha la watu, anawavunjia mifupa kutwa nzima, hana hata kiti. Nikamleta."

"Na mimi? Mimi ni nani humu ndani, paka?"

"Ningekuambia, ungefanya hivi unavyofanya sasa."

"Ulipaswa kuniambia ili nifanye hivi mapema!"

Akanywa chai yake. Nikamsogelea hadi magoti yetu yakagusana.

"Baba Watoto. Kuna kingine unachonificha?"

Aliangalia kikombe. Aliangalia dirisha. Kisha akasema, "Hujala tangu asubuhi. Kale kwanza."

Nilipaswa kujua hapo. Mwanamume anayekuuliza habari ya chakula katikati ya ugomvi ana jambo tumboni. Lakini hasira ina kelele, na mimi nilikuwa nasikiliza kelele yangu mwenyewe.

Siku zilizobaki hadi Jumapili sikumpa Kimya nafasi ya kupumua. Nilimpa mifupa ya shingo. Nilimpa kuosha kulabu. Nilipopita nyuma yake nilisema kwa sauti, nikimwambia Redio, kwamba siku hizi kila mwenye kisu anatafuta baba. Redio alicheka, kisha akaona uso wa Kimya, akaacha. Kimya akainamia ndoo. Aliosha kulabu zikang'aa, akazitundika kwa kufuata ukubwa.

Jumapili ikafika.

Nyumba ya baba iko nyuma ya kiwanda, ukuta kwa ukuta. Ukikaa sebuleni unasikia mashine ya baridi ikinguruma, na baba anasema asipoisikia hapati usingizi. Alikuwa kwenye kiti chake, miguu juu ya stuli, mkono mbovu umelala juu ya mzima. Mama alikuwa anamimina chai. Mume wangu alikaa karibu na mlango wa jikoni. Mimi nilikaa mbele ya baba, mahali ninapokaa siku zote.

Kimya alifika, akabisha, akasimama hapo hapo mlangoni. Amevaa gauni safi lililopigwa pasi.

"Karibu," baba akasema.

Mama hakusema karibu. Alimimina vikombe vinne, akafunga chupa ya chai. Tulikuwa watu watano. Moyoni nikasema, safi sana mama, umewahi.

Baba hakuzunguka.

"Kabla sijamwoa mama yako," akaniambia, "nilikuwa na mwanamke aliyekuwa akiosha matumbo machinjioni. Tulizaa huyu. Alikulia chini ya meza yangu. Alipofika kimo cha meza nikampa kisu, na alikishika kuliko vijana wangu wote. Kisha nikaoa, nikawaacha. Msiseme niliwasahau, sikuwasahau. Niliwaacha, na nilijua ninachofanya."

Mashine ya baridi ikanguruma ukutani. Baba akaendelea.

"Sasa magoti yamekwisha, na mwili wote unayafuata. Kiwanda nataka mkishike wawili. Wewe na yeye. Nusu kwa nusu."

Nusu kwa nusu!

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka kikombe kilikuwa chini na chai imeingia kwenye zulia.

"Nusu ya nini? Baba, nusu ya nini? Ya usingizi wangu? Nani amejenga chumba cha baridi, yeye? Nani amezaa mtoto Jumanne na Ijumaa akarudi mezani na kisu, yeye? Mtu anakuja na gauni la pasi, anakunja nyama mara moja, anapewa nusu?"

"Anajua kazi," mume wangu akasema kwa sauti ya chini.

"Wewe nyamaza! Siku zote unanyamaza, leo ndiyo umepata sauti? Kazi wanaijua wengi. Redio anaijua kazi, apewe naye robo!"

"Mwanangu," mama akasema. "Kaa chini."

"Sikai. Mama, wewe ndiye uliyepaswa kusema haya kabla yangu."

"Kaa, nakuomba. Nyamaza."

Sijawahi kumsikia mama akiniomba. Huamuru. Sauti yake ilikuwa imebadilika, na mtu mwenye akili zake angetulia hapo. Lakini mimi nilikuwa nimeshika njia, na mteremko ulikuwa mzuri.

Nikamgeukia Kimya.

"Na huyu, nani amethibitisha? Kwa sababu anakunja kushoto? Mkono unafundishwa, baba. Hata tumbili ukimpa kisu na muda ataiga. Mama yake alikuwa akiosha matumbo ya machinjio yote, na wachinjaji walikuwa wengi. Unajuaje kwamba ni wako?"

"Mama yangu mtaje vizuri," Kimya akasema.

Hakupandisha sauti. Ila mkono wake wa kulia ulijikunja kama umeshika mpini, na nikamwona mume wangu akisogea ukingoni mwa kiti.

"Nitamtaja nipendavyo, hapa kwetu!" nikasema. "Baba, mimi sina elimu kubwa, lakini hili nalijua. Damu nzito kuliko maji. Ufundi si urithi. Kukunja si urithi. Kiwanda hiki ni cha damu yako. Aliye damu yako abaki, asiye damu yako atoke, tena atoke leo, asinisubirishe. Ndiyo au siyo?"

Baba akasugua goti.

"Nimeuliza, ndiyo au siyo?"

Baba alimtazama mama. Mama aliweka chupa ya chai mezani kwa mikono miwili, kama kitu kinachoweza kupasuka. Kisha akatikisa kichwa kidogo, si kwa kukataa, bali kama mtu aliyechoka kuzuia mlango.

"Mwambie," mama akasema. "Mimi siwezi."

Baba akatoa miguu kwenye stuli, mmoja mmoja, ili anitazame vizuri.

"Mama yako alikuja kwangu na wewe mgongoni," akasema. "Ulikuwa umeanza kutambaa. Mwenye damu yako simjui. Sikumuuliza mama yako siku ile, na sijamuuliza hadi leo."

Nilicheka. Naona aibu kuwaambia, lakini nilicheka, kwa sababu nilidhani ni mfano, kama baba anavyopenda mifano.

Kisha nikamtazama mama.

"Mama. Sema ni uzee."

"Si uzee." Alikuwa anaiambia meza. "Na ukitaka kunichukia, nichukie kwa lililo langu. Mimi ndiye niliyempa sharti. Nilimwambia naingia na mtoto mmoja, na ndani ya nyumba sitaki mwingine. Niliogopa atampenda wa kwake akuache wewe. Akachagua. Huyu alitoka ili wewe uingie."

Mlangoni, Kimya alikuwa anaangalia miguu yake. Hakuonyesha kushtuka. Ndipo nikaelewa kwamba alijua. Siku zote hizo nimemrushia mifupa ya shingo na kejeli za kutafuta baba, naye amebeba neno moja ambalo angelitoa ningekaa kimya milele. Hakulitoa.

Mnadhani nilimshukuru? Nilimchukia zaidi. Ukitaka kumkasirisha mtu kabisa, mwonee huruma naye hajui.

"Na wewe?" nikamuuliza mume wangu.

"Mama Watoto..."

"Ulijua?"

"Mzee aliniambia siku niliyoleta posa. Alisema nisije nikadai baadaye kwamba nimedanganywa."

"Siku ya posa."

"Nikamwambia nimekuja kwa ajili yako, sikuja kwa ajili ya damu."

Labda ni maneno mazuri. Dada zangu mnaopenda ndoa za uvumilivu mtasema ni maneno mazuri, na mtanitumia ujumbe. Mimi nilisikia jambo moja tu. Watoto wangu wawili nimewazaa na mtu anayenijua kuliko ninavyojijua. Kila nilipojigamba mbele ya wateja, "mimi mtoto wa Mzee Makali," alikuwa pembeni, anasoma mizani, ananyamaza. Ukimya ule niliouita upole wa mume wangu ulikuwa mfuniko tu.

Baba alikohoa.

"Sijamaliza," akasema. "Mimi nilisema nusu kwa nusu. Sikutaka haya yatoke, na kama ungekaa pale mama yako alipokuambia ukae, yasingetoka. Lakini umeuliza, tena mara mbili. Umesema asiye damu yangu atoke leo. Umesema mbele ya mama yako na mbele ya mumeo. Umesema mbele ya mwenye damu."

"Baba..."

"Nimewahi kuchagua kati ya watoto mara moja. Nilichagua vibaya, si kwa sababu nilikuchukua wewe, ni kwa sababu nilimtoa yeye. Sichagui tena. Chagua wewe. Ukisema nusu kwa nusu, ni nusu kwa nusu na hakuna atakayelitaja hili nje ya chumba hiki. Ukisema damu, itakuwa damu. Nitafuata neno lako, mwanangu."

Mwanangu. Aliliweka hapo mwishoni, wazi, kama anavyoweka nyama nzuri juu ya katoni ili mteja aione kwanza.

Njia ilikuwa nyeupe. Ilikuwa ni kusema, "Baba, nimekosea," na kukaa chini. Mama alikuwa ananiangalia midomo. Hata Kimya aliinua uso, na naapa kwenye macho yake hapakuwa na ushindi. Palikuwa na mtu aliyechoka kusimama, anayesubiri kuambiwa akae.

Lakini mlitaka ukweli, na ukweli ni huu. Ningesema nimekosea, kila asubuhi ningeamka nikijua nimepewa nusu kwa hisani. Ningemwona Kimya akikunja kushoto na kujua ananivumilia. Mimi, niliyeiambia dunia nzima kwamba asiye damu atoke! Bora nilale nje kwa neno langu kuliko kulala ndani kwa huruma ya watu. Mtaniita mjinga. Nimejiita hivyo kabla yenu.

"Ni neno lile lile," nikasema. "Damu."

Mama akapiga ukelele mdogo. Baba akafumba macho.

Nikachukua kanga yangu kwenye mkono wa kiti. Nikafungua mkufu wenye ufunguo wa chumba cha baridi, ninaouvaa shingoni tangu siku tulipokijenga, nikauweka kwenye meza ya chai. Nikapita mbele ya Kimya, akanipisha. Nilipofika mlangoni nikageuka, maana mke hatoki peke yake kwenye nyumba ya watu.

"Baba Watoto," nikasema. "Twende."

Alimtazama mzee. Alimtazama yule mwanamke aliyemtafuta na kumleta. Kisha akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mume wangu hakunyamaza.

"Nenda," akasema. "Mimi nabaki na watoto."